Kabla Hujakilaumu Kipimakina

Kila kaskazi ikianza, bahari ikatulia na boti zikateremshwa upya majini, maswali ni yale yale. "Mashine inaonyesha samaki tele, nikishusha mshipi sipati hata tasi." "Nikikimbia kina kinapotea, nikisimama kinarudi." "Jana imesoma 30 mahali ambapo babu alituambia ni pima tano." Nimewajibu watu mmoja mmoja ufukweni, kwenye simu, na mara moja msikitini nikiwa bado natafuta ndara zangu. Safari hii nawajibu wote kwa pamoja.

Nazungumza na wenye vipimakina vidogo, vile ambavyo vijana wanaviita fishifainda: kioo cha inchi nne hadi saba, waya mmoja unaokwenda kwenye betri na mwingine unaoshuka kwenye sensa majini. Mifano yangu mingi ni ya Tanga na mkondo wa Pemba, ndiko ninakofungia na kurekebisha vifaa hivi. Watu wa ziwani nimewatengea sehemu yao.

Kwa hesabu yangu, wengi wanaoniletea kifaa "kibovu" wanakichukua kikiwa kizima kama kilivyokuja. Kilichokosekana ni mipangilio, na mipangilio hairekebishwi kwa kubahatisha. Inarekebishwa kwa bildi.

Kwanza kabisa: hakikisha kinapima bahari

Usinicheke. Vifaa vingi vina moda ya maonyesho, ile ya dukani, inayochora samaki na miamba hata kikiwa juu ya meza. Jamaa mmoja alivua siku mbili akifuata kundi la samaki ambalo kumbe lilikuwa filamu. Chomoa waya wa sensa nyuma ya kioo. Picha ikiendelea kutembea na samaki wakipita kama kawaida, uko kwenye moda hiyo. Ingia kwenye menyu uizime.

Shusha bildi

Bildi wazee wanaijua: kamba yenye uzito mwishoni, ya kupimia kina. Kama huna, ichonge leo. Unahitaji kamba isiyovutika ya mita 15, chubwi zito au kipande cha chuma cha kilo moja na zaidi, na alama ya rangi au fundo kila mita moja. Mshipi wa nailoni haufai, unanyumbuka.

1. Chagua siku ya maji mafu, saa ambayo mkondo umelala.
2. Nenda mahali pa mchanga tambarare, kina cha mita 5 hadi 10. Epuka mwamba, kwani hatua mbili tu pembeni kina kinabadilika.
3. Tia nanga, zima mashine ya boti, acha kipimakina kikifanya kazi.
4. Shusha bildi karibu kabisa na sensa mpaka iguse, ikaze isimame wima, usome kwenye usawa wa maji.
5. Linganisha na kioo. Rudia mara tatu.

Tuseme bildi imesema mita 6. Kioo kikisema:

- 5.7 hivi: kifaa ni kizima. Kinapima kuanzia kwenye sensa, ambayo yenyewe imezama sentimita 30. Soma sehemu ya mkuku hapa chini.
- 20 au karibu yake: kiko kwenye futi. Vifaa vilivyotumika vinavyotoka ng'ambo mara nyingi huja hivyo.
- 3.3: kiko kwenye pima, ile ya baharia ambayo ni mita 1.83.
- 12: kimeshika mwangwi wa pili. Sauti imegonga chini, ikarudi, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena. Punguza usikivu.
- Namba inayorukaruka au vistari: tatizo liko kwenye sensa au waya, mipangilio haitakusaidia.

Yule wa pima tano ameshapata jibu lake. Pima tano ni futi 30. Babu alikuwa sahihi, na mashine pia. Kijana ndiye aliyedhani anasoma mita. Kosa hili lina hatari, kwa sababu anayedhani ana mita 6 chini yake, kumbe ni futi 6, hana hata mita mbili.

Sensa ikikaa vibaya, menyu haina dawa

Hapa ndipo nitakapokaa sana, na nitaomba radhi kwa wanaotaka kufika haraka kwenye vitufe. Sauti ya sensa haipiti kwenye hewa. Mapovu yakitanda chini yake, kwake ni kama ukuta. Ndiyo sababu ya lile swali la kukimbia na kupotea: boti ikishika kasi, maji yanayopita kwenye sensa yanakuwa povu, kina kinafutika au kinaganda kwenye namba ya zamani. Namba iliyoganda ni mbaya kuliko kioo kitupu, kwa sababu unaiamini.

Kwa boti ya faiba yenye mashine ya nje:

- Funga sensa kwenye ubao wa tezi, umbali wa sentimita 40 au zaidi kutoka kwenye pangaboi. Mapangaboi mengi huzunguka kulia, kwa hiyo upande wa kulia wa tezi ndio huwa na maji yaliyotulia zaidi.
- Uso wake uwe milimita chache chini ya sakafu ya boti. Ukiupandisha juu unakula povu. Ukiuteremsha sana unarusha maji na siku moja utang'olewa na gogo.
- Usiuweke nyuma ya mbavu za nje za boti, vichwa vya skrubu, wala tundu la kutolea maji. Kila kimoja kinaacha mkia wa mapovu.
- Uso utazame chini sawasawa boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Watu hupima boti ikiwa tupu juu ya mchanga, halafu wakipakia barafu na watu sita tezi inazama na sensa inatazama mbele.

Baadhi ya wenye faiba hubandika sensa ndani, kwenye ngama, ipige kupitia sakafu. Inawezekana kama pale ni faiba tupu, isiyo na povu wala mbao katikati. Usikimbilie gundi. Weka maji kidogo kwenye ngama, zamisha sensa humo, utembee nayo kwanza. Ukiridhika, bandika kwa ipoksi, na ipoksi hiyo isiwe na mapovu hata kidogo.

Wenye mashua na ngalawa za mbao, njia ya ndani haiwafai. Mbao haipitishi sauti vizuri. Chukueni mti mgumu au bomba la chuma, fungeni sensa mwishoni, mlibane ubavuni kwa jiriwa. Mnateremsha mkifika uvuvini, mnapandisha mkisafiri. Haipendezi kutazama, lakini baadhi ya picha safi kabisa nilizowahi kuona zimetoka kwenye ngalawa iliyofungwa hivyo, maana haina povu la mashine.

Kuhusu usafi: mwani na chaza wakiota kwenye uso wa sensa, picha inafifia pole pole na mwenyewe hutambui. Futa kwa kitambaa laini na sabuni. Usisugue kwa msasa, usitumie petroli wala tina, vinakula plastiki. Na fundi akipaka boti rangi ya kuzuia uchafu, asimalizie ndoo kwenye sensa. Ipo rangi ya maji inayofaa kwa kazi hiyo.

Kina kuanzia wapi?

Kifaa hupima kuanzia kwenye sensa. Wewe unataka kujua moja kati ya mawili: maji yote yaliyopo, au yaliyobaki chini ya kitu chako kirefu kuliko vyote, yaani mkuku au mguu wa mashine. Kwenye menyu kuna mahali pa kuongeza au kupunguza namba. Katika vifaa vingi namba ya kuongeza hukupa kina kutoka usawa wa maji, na ya kupunguza hukupa kina chini ya mkuku. Mfano: sensa imezama sentimita 30, na mguu wa mashine unashuka sentimita 40 chini ya sensa. Ukitaka maji yote, weka 0.3 ya kuongeza. Ukitaka yaliyobaki, weka 0.4 ya kupunguza. Kisha rudi kwenye bildi uhakikishe, kwa sababu vifaa havifanani.

Mimi napenda kina chini ya mguu wa mashine, sifuri iwe sifuri kweli. Wavuvi wa mshipi wengi wanapenda maji yote, ili wajue wateremshe kamba kiasi gani. Chagua unachotaka, ila kiandike kwenye utepe ubandike kando ya kioo. Boti yenye manahodha wawili wanaopokezana bila kuambiana ni boti inayotafuta mwamba.

Renji na usikivu

"Lakini si kuna oto?" Ipo, na sikuzuii. Ukiingia bandari ngeni, ukiwa peke yako kwenye usukani, au kina kinabadilika haraka, acha oto ifanye kazi. Ukifika mahali pa kuvua, iondoe. Oto imetengenezwa isikosee kuonyesha chini. Kukuonyesha changu watatu waliolala mita moja juu ya jiwe si kazi yake ya kwanza.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Renji. Iweke kwa mkono, iwe kama mara moja na nusu ya kina. Kwenye mita 20, weka 30. Ukiweka 200 kwenye mita 20, kila kitu kimebanwa kwenye ukucha mmoja wa juu wa kioo, halafu unalalamika samaki hawaonekani.
2. Usikivu, ambao menyu nyingine huita geini. Upandishe mpaka kioo kijae chengachenga kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Sasa uteremshe taratibu mpaka chenga zibaki chache, za hapa na pale. Acha hapo. Kioo kisafi kabisa maana yake umewafuta samaki wadogo pamoja na uchafu.
3. Kichujio cha kelele. Mwisho, na kidogo. Kile cha uso wa maji kinafuta ukungu wa mita za juu, lakini vibua na dagaa wanaocheza huko juu nao wanafutika.
4. Kasi ya picha. Ukitembea, iwe ya haraka. Ukitia nanga, kumbuka kwamba picha inaendelea kutembea ingawa boti imesimama.

Kina kikiongezeka maradufu, rudia hatua ya pili. Usikivu wa mita 15 hautoshi mita 60. Na ule wa mita 60 ukirudi nao ufukweni, utakupa mwangwi wa pili niliousema.

Mwangwi huo wa pili, kwa taarifa yenu, si adui siku zote. Chini kukiwa kugumu, mwamba au changarawe, unajitokeza wazi na mstari wa chini unakuwa mnene wenye rangi kali. Penye tope mstari unafifia na mwangwi unatoweka. Mtafuta changu na chewa anaweza kupandisha usikivu kidogo makusudi, aone ardhi inapobadilika kutoka tope kuwa jiwe.

Masafa: 200 au 50?

Vifaa vingi vina masafa mawili, kilohezi 200 na 50 (vingine 83 badala ya 50). Sauti inashuka kwa umbo la pia lililogeuzwa: nyembamba juu, pana chini. Ile ya 200 huwa nyembamba. Pembe yake ikiwa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30 inafunika duara la mita 10 na nusu hivi. Ya 50 yenye nyuzi 45 inafunika mita 25.

- Ndani ya miamba, mlangoni mwa bandari, na popote chini ya mita 80: tumia 200. Picha ni kali na inatenganisha samaki na jiwe.
- Ukitoka kwenda kwenye kilindi cha mkondo wa Pemba, ambako kina kinafika mamia ya mita, 200 itazimika njiani. Badili hadi 50, na usitarajie picha nzuri. Na kama sensa yako ni ndogo na nguvu yake haba, hata 50 haitagusa chini. Huo si ubovu.
- Usiwashe zote mbili kwa kuwa tu zipo. Kioo kinagawanywa nusu na wewe unagawanya macho.

Kuna mtego wa duara pana ambao umewatesa watu wa chewa. Kwenye mteremko wa mwamba, sauti inagusa kwanza upande wa juu wa mteremko, na kifaa kinachora hapo kuwa ndiyo chini. Samaki wote waliolala upande wa bonde wanamezwa na mstari huo. Hawaonekani kabisa, na wapo. Kwa hiyo kwenye ukingo tumia pembe nyembamba, upite polepole kutoka pande mbili, na ukiona mstari wa chini umenenepa ghafla au una nundu, shusha mshipi hata kama kioo hakijachora samaki.

Zima picha za samaki

Najua hamtapenda. Vile visamaki vidogo vyenye namba vinapendeza, na ndivyo vilivyouza kifaa. Lakini mashine haimjui samaki. Inaona mwangwi unaoelea mahali ambapo si chini, inachora samaki. Mfuko wa plastiki ni samaki. Mwani ni samaki. Povu la boti iliyopita ni samaki mkubwa.

"Bila hizo nitajuaje?" Kwa kuzoea mwangwi wenyewe:

- Boti ikitembea na samaki akipita katikati ya sauti, anachora upinde, kama nyusi. Nusu ya upinde ni samaki aliyepita pembeni.
- Ukiwa umetia nanga, samaki aliyesimama chini yako anachora mstari mrefu. Huyo ni mmoja, usimhesabu kundi.
- Kundi la dagaa au vibua ni wingu au mpira. Wingu likiwa limepasuka na nyusi kubwa ziko chini yake au pembeni, kuna kolekole au nguru anakula.
- Mstari uliolala juu ya chini, mwembamba na usiokatika hata ukihama, ni maji ya joto yakikutana na maji ya baridi. Samaki hupenda kukaa karibu na mpaka huo.

Na hili liwaingie: kioo ni kumbukumbu, si dirisha. Ukingo wa kulia tu ndio sasa. Kilichoko katikati ya kioo umeshakipita, na kikiwa kushoto kabisa huenda kiko mita 100 nyuma yako. Anayeona kundi katikati ya kioo na kutupa nanga hapo hapo, anavua maji matupu. Weka alama kwenye jipiesi, rudi juu ya mkondo, achia boti ichukuliwe mpaka upite tena pale.

Kengele, na maji yanayoondoka

Weka kengele ya maji haba. Kwa boti ndogo mimi huweka mita 2 chini ya mguu wa mashine nikiwa natembea. Ikilia ovyo, tafuta sababu, usiizime.

Kengele haikukingi na kupwa. Kwenye pwani yetu bamvua hushusha maji zaidi ya mita 3 kutoka kujaa hadi kupwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutia nanga usiku nyuma ya fungu, kioo kikasoma mita 3 na kidogo, nikaona raha, nikazima kila kitu kuokoa betri, nikalala. Alfajiri nilidhani bahari imetulia ajabu. Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga, na watoto wa kijiji walikuwa wanaokota chaza wakiizunguka. Kipimakina kilikuwa kimesema kweli: maji ya saa ile. Ya saa sita zinazofuata unayatoa mwenyewe kwenye jedwali la maji, au kwa tarehe ya mwezi kama wafanyavyo wazee.

Walioko ziwani

Badilisheni aina ya maji kwenye menyu iwe maji baridi. Kwenye chumvi sauti hukimbia kasi kidogo zaidi, na mpangilio usio wako unapotosha kina kama mita mbili kwa kila 100.

Victoria kina chake kikubwa ni kama mita 80, kwa hiyo kilohezi 200 inatosha siku zote. Tanganyika ni habari nyingine: inafika mita 1,470, na kuna wanaotaka kifaa kiwaonyeshe chini kwa nguvu. Ya nini? Huko chini hakuna hewa ya samaki. Dagaa na migebuka wako kwenye tabaka la juu, na usiku dagaa hupanda zaidi. Weka renji ya mita 100 kwa mkono, sahau chini, hata kama namba ya kina inamweka na kukulalamikia usiku kucha.

Chenga zisizoisha

Zima mashine ya boti ukiwa unaelea. Chenga zikikoma, kelele inatoka kwenye umeme wa mashine au pangaboi. Zikibaki, zima taa, pampu na redio, kimoja kimoja. Ukimkamata mkosaji, tenganisha waya wake na wa sensa, visifungwe pamoja kwenye bomba moja. Kipimakina kipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu chake. Vistari vya mshazari vinavyojirudia kwa mpigo huwa ni kipimakina cha jirani chenye masafa sawa na yako. Badili masafa, au sogea.

Ukishapata mpangilio unaokufaa, piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu, pamoja na ule utepe wa kina. Siku moja kijana wako atabonyeza "rudisha kama kilivyotoka kiwandani" akidhani anaongeza mwanga wa kioo.